Sauti ya Kike Kwenye Kanda ya Pembetatu

Jumapili, 2 Novemba

Mama kaamka kabla ya adhana, nyonga inamuuma. Nimemgeuza, nimempaka mafuta, nimebadilisha shuka. Vidonge vinne. Uji nusu kikombe, uliobaki kaukataa. Wiki ya saba leo tangu aanguke bafuni. Daktari anasema subira. Yeye halali naye chumba kimoja.

Saa moja kasorobo nilikuwa getini skuli. Jumapili ndiyo siku ya kukagua mifuko. Simu haziruhusiwi. Leo imepatikana moja, ndani ya boksi la chakula, chini ya mkate. Naibu mkuu wa skuli nzima, na kazi yangu ni kupekua mikate.

Saa nne kikaja kijumbe kwenye simu yangu mwenyewe, namba ya Tanzania. "Raya, hii bado namba yako? Nimeipata kwa binamu yako. Mimi Idi. Idi wa Pembetatu. Kanda yetu imefufuka!"

Nimekisoma chooni, chumba cha walimu. Nikakifuta. Nikanawa mikono mara mbili.

Jioni nimepika, nimesahihisha ratiba, nimemlisha Mama. Mume wangu Nasor kaniuliza mbona kimya. Nimemwambia kichwa.

Jumatatu, 3 Novemba

Niandike mara moja, nimalize. Nyumba hii Kiswahili wanakisema, hawakisomi. Daftari hili lina usalama kuliko simu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tulikaa Kariakoo, ghorofa ya pili, Baba ana duka la vitambaa chini. Wakati huo karatasi za kuhamia Oman zilikuwa tayari zinashughulikiwa. Idi alikaa mtaa wa pili. Kaka yake baharia akimletea kanda kutoka Marekani, za ule muziki wa swingi mpya: ngoma ya mashine inayochechemea kwa maringo, vinanda vinavyopiga kama makofi, vijana wanafokafoka, halafu anaingia mwanamke na kiitikio kitamu. Kassim alikuwa na kinanda. Idi akifokafoka. Wakatafuta mwanamke. Wakanisikia mimi nikianika nguo.

Tukajiita Pembetatu. Tulirekodi Ilala, chumba kimoja, magodoro yamepigiliwa ukutani. Siku kumi na moja. Nyumbani nilisema nakwenda kozi ya taipu. Nyimbo tisa, saba zina sauti yangu. Kanda tukaiita "Taa ya Kijani".

Baba akajua kabla haijatoka. Wiki tatu baadaye nilikuwa Maskati. Mwaka haukuisha nilikuwa Ibra, mke wa mtu. Binamu yangu akaniandikia barua: kanda imetoka, inapigwa kila kona, kwenye kava kuna picha ya Tatu, binamu yake Idi, na chini yake wameandika "Sauti ya kike: Tatu". Jukwaani Tatu alifungua mdomo na kanda ikaimba.

Kanda yenyewe sijawahi kuishika mkononi.

Nasor hajui. Miaka thelathini na zaidi. Si mtu mbaya. Hata kidogo. Hilo ndilo linalofanya iwe vigumu. Ningekuwa na mume mbaya ningekuwa na sababu.

Jumatano, 5 Novemba

Nimefunga mlango wa chumba. Naandika.

Mapumziko ya saa tatu na nusu, kelele choo cha darasa la kumi na moja. Nikaingia. Wasichana sita wanacheza kwa mistari, simu imeegemezwa bombani, inawarekodi. Nikasikia muziki kabla sijasikia wimbo. Kinanda cha Kassim. Kisha mimi.

Mimi, wa miaka kumi na tisa, ndani ya choo cha skuli Ibra.

Wakanyamaza. Simu ikaendelea kuimba. Ni "Taa ya Kijani" yenyewe, wimbo wa msichana anayengoja taa ya barabarani iwake avuke. Nilisimama nikausikiliza mpaka kiitikio cha pili. Naamini walidhani hasira imeniziba mdomo. Mwenye simu ni Wijdan, yule mwenye sauti nzuri kwenye kundi la anashid, kaswida, la skuli. Bibi yake katokea Pemba. Akaniambia, kwa Kiarabu, wimbo unapigwa dunia nzima sasa, kila mtu anautia kwenye video yake, na yeye pekee darasani ndiye anayefahamu maneno.

Nimemnyang'anya simu. Nimemwandika jina.

Idi hakusema uongo. Imefufuka.

Alhamisi, 6 Novemba

Kamati ya nidhamu. Wijdan kasimamishwa siku tatu, na katolewa kundi la anashid. Hataimba kwenye sherehe ya Taifa. Mama yake alikuja, akalia kwa adabu.

Saini tatu zinatakiwa. Yangu ya pili.

Nimetia saini.

Ijumaa, 7 Novemba

Wakwe watarajiwa wamekuja kutoka Nizwa, chakula cha mchana. Kijana wao, mchumba wa binti yangu Shamsa, anafanya kazi naye duka moja la dawa, hospitali ya huko. Kijana mzuri, ana haya. Baba yake anafundisha Kurani msikitini kwao. Mama yake, Bi Zayana, mwanamke mrefu, anakaa wima, anakula kidogo, anatazama kila kitu. Katazama mapazia. Katazama vitabu. Kenda kumsalimia Mama kitandani, kakaa naye muda mrefu kuliko ilivyolazimika.

Wakati wa kahawa kasema jambo moja tu. "Sisi hatutaki mengi. Tunataka nyumba isiyotajwatajwa na watu."

Nimetikisa kichwa. Shamsa kanitazama kwa furaha. Milka ni Alhamisi ya mwisho ya mwezi huu, huko kwao Nizwa. Ndiyo siku ya kufunga ndoa; harusi mwakani.

Walipoondoka nimekuta ujumbe wa sauti kutoka kwa Idi. Sikutegemea sauti yake iwe nzito hivyo. Mguu mmoja umekatwa, sukari. Kassim kafa zamani, hilo nililijua. Kampuni moja ya Ulaya inataka kutoa kanda upya, sahani kubwa ya santuri, kitabu ndani, picha, Tatu aende kuimba huko. Lakini mtu mmoja kwenye mtandao kaandika kwamba mwimbaji hakuwa Tatu, alikuwa binti wa Kiarabu wa Kariakoo. Kampuni imeshituka. Inataka karatasi.

Kisha karatasi yenyewe. "Mimi niliyetia saini hapa chini natamka kwamba sikushiriki kuimba wala kurekodi…"

"Nakusaidia, Raya," anasema Idi. "Ukitia saini hapa, hakuna atakayekugusa tena. Umekwisha kutoka."

Jumapili, 9 Novemba

Nimeisoma mara kumi. Kalamu iko hapa.

Ndicho nilichokiomba miaka yote. Nimeletewa mpaka mkononi na kalamu siigusi.

Jumanne, 11 Novemba

Nilikuwa namsugua Mama miguu. Akaniuliza, hivi hivi, macho yake ukutani:

"Yule Idi anataka nini?"

Nikauachia mguu. Kumbe kausikia ule ujumbe wa sauti, mlango wazi. Anasema sauti ya mtoto yule haisahau, alikuwa akipita chini ya dirisha letu akifoka peke yake kama mgonjwa wa homa.

Nimemwambia yote. Karatasi, Tatu, kampuni. Halafu akasema:

"Mie ndiye niliyemtia Tatu."

Sikufahamu. Akanieleza taratibu, kwa ule usemi wake wa Mji Mkongwe ambao hapa hawasemi tena ila yeye na wenziwe watatu.

Baba alipojua alikusudia kwenda Ilala na watu wawili, aichukue ile tepu kubwa, aichome. Mama akatangulia. Kachukua teksi, na buibui lake, kaingia studio, kakaa kitako mbele ya Kassim. Akamwambia, mtoeni jina lake, tieni la mwengine, picha ya mwengine, binti yangu msimtaje popote mpaka kiyama. Kassim akampa tepu tupu. Hiyo ndiyo Baba aliyoichoma uani, akatawadha, akasali. Kafa akiamini kaiunguza.

"Ilikuwa ama jina ama sauti, mwanangu. Vyote viwili singeweza. Nikaona jina utapata jengine."

"Hukuniambia."

"Ungeridhika?"

Nimemchukia. Labda dakika tano, chuki ya kweli, nimekaa pale na taulo mkononi. Miaka thelathini nikidhani Idi kaniibia. Kisha akaomba choo, nikamshika kwapani, tukenda.

Nilipomrejesha kitandani nikamjibu Idi. "Sitii saini. Si kweli. Ilikuwa mimi na wewe unajua."

Jumatano, 12 Novemba

Idi kanipigia mara saba. Mara ya nane nikatoka nje, nyuma ya tangi la maji, nikapokea. Kakasirika. Anasema nimekuwa maiti miaka thelathini halafu nafufuka siku ya kugawa sahani. Anasema Tatu kazibeba nyimbo zile mahotelini na maharusini, kila usiku, wakati mimi nakula halwa. Kuna ukweli hapo. Nimemwambia kuna ukweli. Akapoa.

Mwisho kasema mama anayeiendesha ile kampuni ana njia yake. Kila mmoja, mimi na Tatu, aimbe ubeti uleule bila ala, arekodi kwa simu, apeleke. Watasikiliza.

Nimesema haya.

Baadaye ndipo nikafikiri: niimbe wapi?

Alhamisi, 13 Novemba

Nyumbani haiwezekani. Mama, msichana wa kazi, Nasor anaingia na kutoka, majirani ukuta kwa ukuta. Skuli haiwezekani. Nimefikiria bonde la Wadi Bani Khalid, lakini watalii wamejaa hata ndani ya maji. Nimekaa mji huu zaidi ya nusu ya umri wangu na sina mita moja ya kufungua mdomo.

Baada ya skuli nimeendesha kupita mashamba ya mitende, mpaka nyuma ya kiwanda cha matofali kilichofungwa. Nikapandisha vioo. Kiyoyozi kina kelele, nikakizima. Simu kwenye dashibodi.

Mara ya kwanza haikutoka sauti. Ilitoka pumzi. Mara ya pili nikaanza juu mno, nikavunjika. Jasho lilikuwa likinidondoka machoni, mtandio umelowa, nikauvua. Mara ya tano nikafika kiitikio. Ile noti ya juu haipo tena. Nimeitafuta pale ilipokuwa, kama mtu anayekanyaga ngazi isiyokuwapo. Nikaipitia chini.

Lakini niliimba. Ubeti mzima. Mwili umekumbuka mahali pa kuvuta pumzi, palepale, kabla ya neno la mwisho, Kassim akinikemea kwa hilo na mimi siachi.

Nikagutuka kuna mtu anagonga kioo. Mzee, pikapu yake imesimama nyuma yangu, majani ya mbuzi juu. Nikavaa mtandio ovyo, nikashusha kioo. Kaniuliza kwa wema:

"Umekwama, mama?"

Nikasema hapana. Akanitazama usoni, akanipa chupa ya maji, akaenda zake.

Nimepeleka kabla sijawasha gari.

Ijumaa, 14 Novemba

Nizwa, kupanga milka. Jirani kabaki na Mama.

Tulisimama Izki kununua chai ya maziwa. Nasor kashusha kiti kidogo, kaweka kikombe juu ya dashibodi, anasifu barabara. Mstaafu wa idara ya maji, anapenda barabara na mabomba. Nikaona nikingoja mpaka tumalize chai sitasema tena.

Nimesema. Labda dakika tatu. Kanda, Ilala, Tatu, Baba, karatasi, gari nyuma ya kiwanda. Sikulia. Nilisema kama ninavyosoma taarifa ya mahudhurio.

Hakunikatiza. Akafunika kikombe, akawasha gari. Milima ikapita. Nilihesabu nguzo za umeme, nikapotea hesabu, nikaanza tena.

Tulipoegesha akazima injini, akabaki kashika ufunguo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

"Ningeuliza vipi kitu nisichokijua, Raya?"

Nilimtazama mikono. Kaendelea polepole, si kwa hasira, ningependa hasira:

"Basi. Yameshapita hayo. Wewe ulikuwa mtoto. Usimwambie mtu mpaka milka ipite. Wala Shamsa." Akanipigapiga mkono mara mbili, akashuka, akanifungulia mlango.

Kanisamehe. Sikuomba msamaha. Nilitaka aulize nyimbo zilikuwa ngapi.

Kwa Bi Zayana nimekunywa kahawa vikombe vinne.

Jumapili, 16 Novemba

Wijdan karudi darasani. Katika mazoezi ya sherehe kakaa nyuma, anawashikia wenzake karatasi za maneno. Midomo yake inakwenda, sauti hakuna. Nimetazama mara moja. Nikapanda moja kwa moja ofisini kwa mkuu wa skuli.

Ustadha Badriya ni mtu wa haki. Nimefanya naye kazi miaka tisa. Nimemwambia adhabu ya Wijdan imezidi, arudishwe kwenye kundi.

"Na ule wimbo wa kihuni?"

"Hauna uhuni, ustadha. Unahusu msichana anayengoja kuvuka barabara."

"Wewe umejuaje? Ni Kiswahili cha haraka haraka, Wijdan mwenyewe kasema nusu haipati."

"Naujua wote. Ni mimi niliyeuimba."

Kacheka. Akaniona sicheki. Uso wake ukabadilika kidogo kidogo, kama mtu anayesoma barua. Akainuka, akafunga mlango, akarudi, akapanga kalamu zake.

"Ustadha Raya. Mimi sikusikia ulichosema. Na wewe hukusema. Unanifahamu? Una miaka mitatu ustaafu. Una binti anaolewa."

"Na Wijdan?"

"Wijdan atarudi. Nitaandika mwenendo wake umebadilika."

Nimemshukuru. Ndiyo, nimemshukuru! Nimetoka na nilichokitaka na nimejiona kama nimefungiwa ndani ya ile ofisi na ufunguo kachukua yeye. Mara mbili sasa nimesema. Mara mbili watu wazuri wamenifunga mdomo kwa upole, wakanifuta vumbi.

Jumatano, 19 Novemba

Sherehe ya skuli. Bendera mpaka kwenye miti. Wijdan kaimba peke yake ubeti wa pili. Kaimba vizuri sana.

Mama leo kasimama na kigari chake cha kutembelea, hatua sita.

Idi kimya. Kampuni kimya.

Jumatatu, 24 Novemba

Idi kapiga saa tisa, niko njiani kutoka skuli. Nimeegesha kando.

Wamesikiliza. Watu watatu, na mashine pia. Wanasema sauti ya Tatu inalingana zaidi na kanda.

Nikamwambia rudia. Akarudia. Tatu kaniiga miaka thelathini. Kila pumzi, kila mvuto, hata lile kosa langu la kuvuta pumzi kabla ya neno la mwisho. Na noti ya juu anayo bado. Anaitunza kila Ijumaa hotelini. Mimi ya kwangu imekufa Ibra kwa kutotumika.

"Ya kwako wamesema imekaribia," kasema Idi. "Wamesema huyu mama naye anaimba vizuri, imekaribia sana."

Imekaribia! Mimi nimekaribia kuwa mimi.

Nikamuuliza: "Na wewe umewaambia nini? Wewe ulikuwepo."

Nikasikia gari zinapita upande wake, honi, Dar ileile.

"Nimetia saini kuwa ni Tatu. Raya, nisikilize. Ukiwa wewe, kila kitu kinasimama, mawakili, kava, kitabu kimeshachapwa. Mimi sina muda wa kungoja. Nina mguu mmoja na kanda moja. Nataka niione imetoka nikiwa hai."

Nikamwambia nimekusikia. Nikakata.

Nilidhani nitalia. Nimecheka, peke yangu garini, mpaka machozi. Nilipofika nyumbani bado nacheka, Mama akaita kutoka chumbani kuna nini. Nimemwambia jina umeniokolea, Mama, sasa sauti nayo wamechukua. Akanyoosha mkono nimpe wangu. Mkono wake mwepesi, mifupa tu. Nimekaa naye mpaka Nasor kaja kuuliza chakula.

Ijumaa, 28 Novemba

Milka ilikuwa jana. Niandike ilivyokuwa.

Wanaume msikitini, sisi ukumbini. Shamsa kavaa kijani, nguo ya kiomani ya bibi mzaa baba, fedha kifuani. Kila alipogeuka nilimwona mtoto mchanga na mwanamke mzima kwa pamoja. Saa kumi na moja simu ikaja kwamba ndoa imefungwa. Vigelegele. Nimelia kilio cha mama kama mama mwengine yeyote, na kwa dakika zile sikufikiria kitu.

Halafu marafiki zake wa hospitali wakaunganisha simu na spika.

Nilikuwa nimeshika sinia la halwa, katikati ya ukumbi. Kinanda kikaanza. Wasichana wakapiga kelele, wote wanaujua, wakajipanga mistari. Shamsa naye, na fedha zake zote, anacheza. Anaucheza mdundo kwa bega la kushoto. Mimi nilikuwa nikicheza kwa bega la kushoto. Hajapata kuniona nikicheza maisha yake.

Sikuweza kwenda mbele wala kurudi, wamenizunguka. Ukumbi mzima unaimba kiitikio, maneno wameyapotosha, hawayajui. Sauti yangu inatoka pembe zote nne na mimi katikati nagawa halwa.

Bi Zayana akaja kando yangu. Yule niliyemwogopa mwezi mzima. Anapiga makofi! Anatikisa kichwa, macho kafumba.

"Huyu mwanamke ana sauti, mashallah," kasema. "Wewe wa Kiswahili, unamjua? Anaitwa nani?"

Nilikuwa na jina mdomoni. Naapa nilikuwa nalo. Herufi nne. Nikamwona Shamsa nyuma ya bega lake, anacheka, ananipungia mkono nije nicheze.

"Tatu," nimemjibu. "Anaitwa Tatu."

"Mungu amhifadhi," kasema Bi Zayana, akachukua halwa.

Hakuna aliyenilazimisha. Baba hayupo. Hakuna karatasi. Nimesema mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwa tabasamu.

Nasor aliendesha kurudi. Aliniuliza imekwendaje. Nikasema vizuri. Halafu, karibu na Samad, nikamwambia: waliupiga. Ule wimbo. Wameucheza wote. Mkwe wako kaniuliza mwimbaji nani na nikamwambia Tatu.

Alipunguza mwendo. Hakusema yameshapita. Wala hakuongeza mwendo tena mpaka Ibra.

Jumatatu, 1 Desemba

Kazi. Mitihani inakaribia, ratiba imechapwa na makosa, nimeirudisha.

Idi kaleta picha ya kava jipya. Tatu kijana, rangi zimesafishwa. Chini ujumbe: "Nisamehe." Sijamjibu. Sijamfuta pia.

Nikajaribu kumchukia Tatu leo, njia nzima ya kurudi. Haikushika. Mtu aliyekuiga miaka thelathini ndiye mtu pekee aliyekusikiliza kweli kweli.

Ijumaa, 5 Desemba

Baridi ya kwanza asubuhi. Mama kaenda mwenyewe mpaka mlango wa jikoni na kurudi. Kaomba chapati, kala moja na nusu. Kalala.

Baada ya sala ya Ijumaa Nasor kabadilisha nguo, katia mashuka kwenye mashine ya kufulia, kazi yake ya Ijumaa tangu astaafu. Mimi nilikuwa karibu naye nachambua mchele. Nyumba kimya ila ile mashine na mngurumo wake.

Sikujua kama naimba. Ilikuwa chini kwa chini, ule wimbo wa tatu upande wa pili wa kanda, ambao haukupata kupigwa sana, Kassim alikuwa akiupenda. Niliposhituka nikaacha.

Nasor kasimama, shuka mkononi.

"Hiyo ni moja katika zile?"

"Ndiyo."

"Zilikuwa ngapi?"

"Tisa. Saba zangu."

Akafikiri. Akaweka shuka juu ya kikapu. Kisha kanyoosha mkono, akaizima mashine katikati ya mzunguko, maji yamo ndani, akaegemea ukuta.

Nikaanza tena tangu mwanzo.